Mbegu Zilizobadilishwa Vinasaba: Ni Nani Atakayebeba Hasara?



Katika darasa moja huko Kighare, katika milima ya Upare ya Kaskazini, mzee mmoja mkulima alileta vitu viwili akaviweka juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kibuyu chenye mahindi ya mbegu aliyoyahifadhi mwenyewe kwa majivu tangu mavuno yaliyopita. Cha pili kilikuwa mfuko wa kilo mbili wa mbegu aliyoinunua dukani. Akasema: "Mwalimu, vuli inakaribia. Vijana wananiambia kwamba mbegu hii ya dukani ni GMO. Kwamba mazao yake yataniletea ugonjwa, na udongo wangu utakufa. Nami fedha nimekwisha kuitoa. Niipande au niitupe?"

Swali hili si dogo hata kidogo. Fedha ya mzee imo katika mfuko ule, na chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima kimo katika uamuzi wake. Siku ile nilimjibu kwa ufupi: "Baba, ipande; hiyo siyo GMO." Lakini jibu fupi halimtoshi mtu anayetaka kujua sababu, wala si vizuri mtu akubali neno kwa kuwa tu mwalimu amelisema. Kwa hiyo nimeandika somo hili, ili kila msomaji aweze kulipima jambo kwa akili yake mwenyewe.

Nalo neno kuu la somo hili ni hili: watu wengi hushindana juu ya sumu, wakauliza kama mbegu hizi zinaua au haziui. Lakini swali lililozisumbua serikali, mabunge na mahakama za Afrika Mashariki kwa miaka mingi ni jingine: hasara ikitokea, ni nani atakayeibeba? Mkulima akilielewa swali hili, ameelewa nusu ya jambo zima.

1. Kwanza tutenganishe maneno

Ziko namna tatu za mbegu, na watu huzichanganya.

Namna ya kwanza ni mbegu ambayo mkulima aweza kuivuna, kuihifadhi na kuipanda tena. Hapa zimo mbegu za kienyeji tulizorithi kwa wazee, na pia mbegu bora zilizotolewa na vituo vya utafiti ambazo huchavuka zenyewe shambani, kama vile Staha, TMV-1 na Situka, au Katumani iliyotoka Kenya. Mkulima akichagua vizuri magunzi yake, mbegu hiyo itamtumikia kwa misimu kadhaa.

Namna ya pili ni mbegu chotara. Mtaalamu huchukua mahindi ya koo mbili zilizotengwa kwa muda mrefu, akazipandanisha, na mtoto wao hutoka na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Lakini nguvu hiyo ni ya kizazi cha kwanza tu. Ukiyapanda tena mahindi uliyoyavuna, mashina yatakuwa marefu na mafupi, na mavuno yatashuka. Ndiyo maana mbegu chotara hununuliwa kila mwaka. Hapa hakuna jeni ya kiumbe kigeni iliyotiwa. Ni mahindi kwa mahindi. Mfuko wa yule mzee ulikuwa wa namna hii.

Namna ya tatu ndiyo mbegu iliyobadilishwa vinasaba, ambayo watu huiita GMO. Katika maabara, mtaalamu huchukua jeni, yaani sehemu ya vinasaba yenye kubeba sifa fulani, kutoka kwa kiumbe kimoja, akaitia ndani ya mmea wa aina nyingine ambao usingeweza kuipata kwa uchavushaji wa kawaida. Kwa mfano, katika udongo wamo bakteria waitwao Bacillus thuringiensis, ambao hutoa protini yenye kuwaua baadhi ya viwavi. Jeni ya protini hiyo ilipotiwa katika mahindi, mahindi yenyewe yakaanza kumuua bungua anayetoboa mabua.

Tanzania haijapata kuruhusu mbegu yo yote ya namna hii ya tatu iuzwe kwa wakulima. Basi mtu anapokuambia kwamba nyanya kubwa, kuku wa kisasa, au mahindi ya mfuko wa dukani ni GMO, fahamu kwamba amechanganya ukubwa na vinasaba. Yafaa pia ikumbukwe kwamba mbegu nyingi za dukani hupakwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, nayo hutiwa rangi ili watu wasizile. Mbegu hiyo yenyewe isiliwe wala isipewe kuku. Lakini hiyo ni dawa iliyo juu ya ganda. Siyo jeni iliyo ndani.

2. Hesabu ya mkulima

Sasa na tutazame uchumi wa jambo hili. Tutatumia mfano wa hesabu tu, ili maana ieleweke. Kila msomaji aweke hesabu za shamba lake mwenyewe.

Tuseme mkulima ana eka moja, na vipimo vyote tuvihesabu kwa debe za mahindi. Akipanda mbegu ya kibuyu, gharama yake ni debe 1. Mwaka mwema huvuna debe 40, mwaka wa ukame debe 10. Akiondoa gharama, anabaki na 39 na 9; jumla ya miaka miwili ni debe 48.

Akipanda mbegu chotara pamoja na mbolea yake, tuseme gharama ni debe 15. Mwaka mwema huvuna debe 70, mwaka wa ukame debe 12. Akiondoa gharama, mwaka mwema anabaki na 55. Mwaka wa ukame hana kitu, naye anadaiwa debe 3. Jumla ya miaka miwili ni debe 52. Kwa hesabu ya jumla chotara imeshinda. Lakini mtu hali jumla ya miaka miwili. Hula kila siku. Mwaka ule wa deni ndio mwaka ambao mbuzi huuzwa, na mtoto hurudishwa nyumbani kutoka shule.

Sasa aje mtu na mbegu ya tatu, iliyotiwa jeni ya kuvumilia ukame. Tuseme gharama yote ni debe 17. Mwaka mwema mavuno ni yale yale 70. Mwaka wa ukame, asema, utapata 22. Ikiwa maneno yake ni kweli, mkulima anabaki na 53 na 5. Jumla ni 58, wala hana deni. Faida hiyo ni kubwa, na mtu asiidharau. Lakini ikiwa mwaka wa ukame mbegu hiyo italeta zile zile debe 12, basi deni la mkulima limekuwa 5 badala ya 3.

Umeona, ndugu msomaji, jambo lilipo? Ahadi ya mbegu ya ukame hupimwa katika mwaka mbaya, nao mwaka mbaya ndio ule ambao mkulima hana akiba ya kulipia kosa la mtu mwingine. Hapo ndipo sheria inapohitajika.

3. Sheria ya ng'ombe na sheria ya mbegu

Vijijini kwetu, ng'ombe akiingia katika shamba la jirani akala mahindi, mwenye ng'ombe hulipa. Baraza halimuulizi kama alikusudia, wala kama alilala usingizi. Ng'ombe ni wake, na mahindi yameliwa, basi atalipa. Huo ndio wajibu usiongoja kuthibitishwa kosa. Ikiwa baraza lingesema kwamba mwenye shamba sharti kwanza athibitishe uzembe wa mwenye ng'ombe, hiyo ingekuwa sheria ya namna nyingine: wajibu unaotegemea kosa. Shika tofauti hii, kwani ndiyo ufunguo wa habari yote inayofuata.

Mwaka 2000 mataifa yalikubaliana juu ya Itifaki ya Cartagena, inayohusu usalama wa viumbe hai vilivyobadilishwa vinasaba vinapovushwa mipaka. Itifaki hiyo ilianza kutumika Septemba 2003, na Tanzania ilijiunga nayo mwaka huo huo. Msingi wake mmoja ni tahadhari: nchi yaweza kukataa au kuweka masharti hata kabla elimu haijathibitisha madhara kwa ukamilifu. Msingi mwingine ni kwamba mbegu ya namna hiyo haiingizwi nchini kwa mara ya kwanza kabla nchi haijaarifiwa na kukubali.

Kisha Tanzania ikatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini ya sheria hiyo zikatoka Kanuni za Usalama wa Viumbe Hai za mwaka 2009. Kanuni hizo zilifuata sheria ya ng'ombe. Aliyeingiza au aliyetumia kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, kikaleta madhara, atawajibika, awe amekosea au hakukosea.

Watafiti na wafadhili wao wakasita. Walisema kwamba hakuna mtu atakayethubutu hata kufanya majaribio ikiwa anaweza kudaiwa bila ya kosa lake. Wengine wakajibu kwamba asiyeamini mbegu yake kiasi cha kuidhamini asiwatake maskini waiamini. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwaka 2015 kanuni zikabadilishwa: kwa upande wa utafiti, wajibu ukategemea kuthibitishwa kosa. Mlango wa majaribio ukafunguliwa.

Oktoba 2016 mahindi ya kwanza ya majaribio yakapandwa Makutupora, karibu na Dodoma, mahali penye mvua chache kama zilivyo tambarare za Same. Majaribio hayo yalikuwa sehemu ya mradi wa WEMA ulioanza mwaka 2008, wa kutafuta mahindi ya kustahimili ukame kwa Afrika. Mradi uliratibiwa na shirika la AATF la Nairobi. Ndani yake zilikuwamo taasisi za utafiti za Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano CIMMYT, na kampuni ya Marekani ya Monsanto, ambayo mwaka 2018 ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani. Fedha zilitoka kwa mashirika ya hisani ya Marekani, miongoni mwao lile la Bill na Melinda Gates, na kwa serikali ya Marekani. Jeni ya ukame ilitoka kwa bakteria mwingine wa udongoni, Bacillus subtilis. Baadaye ikaongezwa ile ya kumzuia bungua.

Katika mradi huo kampuni za mbegu za Afrika hazikutakiwa kulipia hakimiliki ya jeni hizo. Hili ni jambo jema, lakini lisieleweke vibaya. Kusamehewa hakimiliki si kupewa mbegu bure. Jeni hizo zilitiwa katika mahindi chotara, na chotara, kama tulivyosema, hununuliwa kila mwaka. Mradi huo huo ulitoa pia mbegu chotara za kawaida zenye kuvumilia ukame, zisizo na jeni ya kigeni.

Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo aliamuru majaribio ya Makutupora yakome na masalia yake yote yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kwamba majaribio ya namna hiyo yamefutwa. Basi mlango uliofunguliwa mwaka 2015 ukafungwa tena, na mkulima wa Tanzania hakupata kuiona mbegu ile shambani mwake.

4. Jirani zetu

Huenda msomaji akasema: "Ikiwa Tanzania imefunga mlango, jambo limekwisha." La, halijaisha. Upande wa mashariki wa milima ya Upare ya Kaskazini liko Ziwa Jipe, na ng'ambo yake ni Taveta, nchi ya Kenya. Mahindi hufuata bei, hayajui mpaka. Kwa hiyo mambo ya Kenya ni mambo yetu pia.

Kenya ilitunga Sheria ya Usalama wa Viumbe Hai mwaka 2009. Novemba 2012 ikapiga marufuku kuingizwa kwa vyakula vya GMO, baada ya kutangazwa utafiti wa Ufaransa uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi hayo walipata uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa, kwa kuwa matokeo yake hayakutosha kuthibitisha neno lo lote. Hata hivyo marufuku ilidumu karibu miaka kumi. Tarehe 3 Oktoba 2022, wakati wa ukame mkali, Baraza la Mawaziri chini ya Rais William Ruto liliiondoa. Watu wakaenda mahakamani. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliitupilia mbali kesi moja ya kuipinga serikali; lakini Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikaamuru mambo yasimame mpaka rufaa isikilizwe. Pamba iliyotiwa jeni ya kumzuia funza, kwa upande wake, ilikwisha kuruhusiwa kulimwa Kenya tangu Desemba 2019.

Uganda nayo ina habari yenye mafunzo. Bunge lake lilipitisha muswada wa usalama wa viumbe hai Oktoba 2017. Rais Yoweri Museveni hakuutia saini, akaurudisha. Mwaka 2018 Bunge likaupitisha tena, safari hii likitia ndani yake ile sheria ya ng'ombe: atakayeleta madhara atalipa hata bila ya kosa. Watafiti wakalalamika kwamba sharti hilo litaua utafiti. Mwaka 2019 Rais akaurudisha mara ya pili.

Tazama basi: nchi mbili zisizofanana, Tanzania na Uganda, zote zilikwama juu ya jiwe lile lile. Jiwe hilo halikuwa swali la sumu. Lilikuwa swali la nani atalipa.

5. Mafunzo kutoka mbali kidogo

Je, hasara hizo ni za kuwaziwa tu? Hapana. Hebu tutazame mifano mitatu kutoka Afrika yenyewe.

Mfano wa kwanza ni Burkina Faso. Mwaka 2008 wakulima wake walianza kulima pamba ya GMO ya Monsanto. Funza walipungua, na kazi ya kunyunyiza dawa ikapungua sana; wakulima wengi waliifurahia. Lakini nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi kuliko za pamba yao ya zamani, iliyokuwa na sifa njema sokoni, na bei ikashuka. Kampuni za pamba za nchi hiyo zikadai fidia, na mwaka 2016 zao hilo likaachwa. Mwaka 2017 pande hizo mbili zikapatana. Hapa hakuna mtu aliyekufa kwa sumu. Jeni ilifanya kazi iliyoahidiwa, na hata hivyo hasara ilitokea, mahali ambapo wengi hawakuwa wakipaangalia. Na walioweza kudai walikuwa kampuni zenye mawakili.

Mfano wa pili ni Afrika Kusini, iliyoruhusu mahindi ya kuua bungua tangu mwisho wa miaka ya 1990. Sharti lilikuwa kwamba mkulima atenge sehemu ya shamba apande mahindi ya kawaida, ili bungua wasiozoea ile protini waendelee kuwapo na kuzaana na wale wachache waliozoea. Wakulima wengi hawakulitimiza. Kufikia mwaka 2007 watafiti walikuwa wamethibitisha kwamba wako bungua wasiodhurika na mahindi hayo. Funzo: mbegu hizi zina masharti ya jirani. Mmoja akivunja, wote watapata bungua sugu. Na huko Upare, ambako vishamba vya mteremkoni vimeshikana kama vigae vya paa, na chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo kutoka kwa huyu hadi kwa yule, masharti ya namna hiyo yangehitaji umoja kama ule wa msaragambo, watu wanapotoka wote kuzibua mifereji na kutengeneza ndiva. Asiyetoka hudhuru maji ya wote.

Afrika Kusini inatupa funzo jingine pia. Jeni ile ile ya ukame iliyojaribiwa Makutupora ilipewa kibali cha kulimwa huko mwaka 2015. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo ilikitengua kibali hicho, kwa kuwa wenye mamlaka hawakulipima jambo kwa tahadhari inayotakiwa na sheria. Basi hata penye sheria, sharti wawepo watu wa kuuliza kama imefuatwa.

Mfano wa tatu ni Zambia. Mwaka 2002, katika njaa kubwa, Rais Levy Mwanawasa alikataa mahindi ya msaada yaliyokuwa na GMO. Nchi nyingine za jirani ziliyakubali kwa sharti kwamba yasagwe kwanza. Kwa nini yasagwe? Kwa sababu unga hauoti. Punje nzima mtu aweza kuila leo na kuipanda kesho. Unga huishia chunguni. Hapa pana tofauti kubwa ambayo wengi hawaioni: kuruhusu chakula si kuruhusu mbegu, na kila jambo lina sheria yake na hatari yake.

6. Majibu kwa maswali yaulizwayo sana

Swali: Je, chakula cha GMO ni sumu?
Jibu: Mwaka 2016 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilichapisha uchunguzi mrefu wa mamia ya tafiti, zikasema hazikuona uthibitisho kwamba vyakula vya mimea hiyo vilivyokwisha kuruhusiwa vina hatari kwa afya kupita vyakula vya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo hufundisha kwamba kila chakula cha namna hii kipimwe peke yake, na kwamba vilivyomo katika soko la kimataifa vimepita vipimo vya usalama. Anayesema vyote ni sumu hana hoja; na anayesema vyote ni salama milele, bila ya kupima, hana hoja vile vile.

Swali: Je, ni halali?
Jibu: Anayeuliza aulize kwanza jeni imetoka wapi. Zile za Makutupora zilitoka kwa bakteria wa udongoni, si kwa mnyama ye yote. Kila kitu kihukumiwe kwa asili yake na kwa madhara au manufaa yake, si kwa jina lake.

Swali: Nitajuaje ninachokula?
Jibu: Kwa macho hutajua. Ndiyo maana ziko sheria za kuandika juu ya pakiti. Umoja wa Ulaya huagiza chakula kiandikwe ikiwa GMO imepita asilimia 0.9 ya kiungo chake; kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliweka asilimia 1. Kumwandikia mnunuzi ukweli ni sehemu ya kutimiza kipimo. Muuzaji anayeficha kilichomo hana tofauti na anayepunguza debe.

7. Basi tufanye nini?

Tumrudie mzee wetu wa Kighare. Nilimwambia asiitupe mbegu yake. Lakini nilimwambia pia mambo ambayo napenda kila msomaji ayashike.

Kwanza, adui aliye karibu naye si GMO. Ni mbegu bandia. Kwa hiyo atazame lebo ya Taasisi ya Uthibitisho wa Mbegu, TOSCI, akwangue namba iliyofichwa na kuihakiki kwa simu, na atunze mfuko na risiti mpaka avune. Asiye na risiti hana la kudai.

Pili, asiache kibuyu chake. Robo ya shamba kwa mbegu aliyoihifadhi mwenyewe ni bima isiyohitaji ofisi. Na kikundi cha wakulima, kikifuata masharti, chaweza kuzalisha mbegu zilizoazimiwa ubora chini ya ukaguzi na kuwauzia majirani.

Tatu, ikiwa siku moja serikali itaufungua tena mlango, mkutano wa kijiji usiulize tu, "Je, inaua?" Uulize maneno manne. Ni nani mwenye mbegu hii, na nitailipia mara ngapi? Mwaka wa ukame ilileta nini, na ilipimwa wapi? Ikivuka mpaka wa shamba langu, jirani atalindwaje? Na ikileta hasara, ni nani atakayelipa, kwa sheria ipi, na mimi mkulima nisiye na wakili nitamfikiaje? Mwenye mbegu njema hataogopa maswali haya.

Mzee alisikiliza, kisha akacheka kidogo, akasema: "Kumbe ni habari ya ng'ombe na mahindi." Naam, ndugu msomaji, ni habari ya ng'ombe na mahindi. Elimu mpya si adui wa mtu mnyonge, wala si rafiki yake; huwa rafiki pale tu ambapo mwenye nguvu amefungwa na sheria kubeba matokeo ya alichokileta. Aliyekwisha kulielewa hili hatatishwa na uvumi wa sumu, wala hatanunuliwa kwa ahadi ya mavuno.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya mbegu chotara na mbegu iliyobadilishwa vinasaba.
2. Kanuni za mwaka 2009 za Tanzania zilibadilishwa katika jambo gani mwaka 2015, na kwa nini?
3. Kwa nini baadhi ya nchi mwaka 2002 zilitaka mahindi ya msaada yasagwe kwanza?
4. Pamba ya Burkina Faso ilifanikiwa katika nini, na ilishindwa katika nini?
5. Fanya hesabu ya shamba lako mwenyewe, mwaka mwema na mwaka wa ukame. Je, ni mwaka upi unaokutia katika deni?